Mkono wa Kasanda

Zamani hizo, kabla ya lami na kabla ya malori, mwendesha baiskeli wa Uselembe alikuwa akipinda kona kwa mdomo. Msicheke. Hawa mnaowaona leo wakinyoosha mkono kimya kimya na kukata kulia mbele ya basi kama wenye barabara yao, babu zao na bibi zao walikuwa wakipiga kelele. Aliyetaka kupinda alijitaja jina kwanza, kisha akasema anakokwenda: "Kasanda hapa, nakwenda kushotooo!" Na aliyekuwa nyuma yake, awe na baiskeli, awe na mbuzi wake, awe na mzigo wa kuni kichwani, alikuwa na wajibu wa kumjibu: "Haya, nenda!" Hapo ndipo alipopinda. Bila kujibiwa, hapindi mtu.

Ilikuwa barabara ya watu waliojuana. Ukisikia "Haya, nenda" nyuma yako, ulijua kuna mtu amekuona, anakutakia safari njema na hana nia ya kukupanda mgongoni. Wengine walishindwa kuishia hapo. "Haya, nenda, msalimie mama! Mwambie nitakuja kuchukua kinu!" Kupinda kona kulifanana na kuagana mlangoni, na kuna waliochelewa sokoni kwa sababu ya kona mbili tu zenye marafiki wengi.

Uselembe ilikuwa, na bado iko, pembeni mwa msitu wa Kapalala, na watu wake waliishi kwa asali. Baada ya kurina, wote walifunga ndoo zao kwenye baiskeli, moja kila upande wa karia na nyingine juu, wakaenda mjini kwa msafara. Baiskeli iliyobeba asali haina utani. Asali inacheza ndani ya ndoo, inavuta huku na kule, na anayeiendesha lazima aukamate usukani kwa mikono yote miwili kama anayemshika ndama pembe. Mtoto aliyeonekana akiachia mkono mmoja hata kwa kujikuna pua aligombezwa na kijiji kizima: "Unataka kuipaka barabara asali?"

Basi zilikuwa sheria mbili tu za msafara. Mikono miwili usukanini. Na asiye na sauti asiendeshe na wenzake, maana atawaua.

Kwa sauti, hakuna aliyemfikia Kasanda. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kifua kipana na mdomo usiojua kunong'ona. Ilisemekana kwamba akisema "kushoto" Uselembe, kuku wa kijiji cha jirani walihamia upande huo. Alijivunia sauti ile waziwazi, kama wengine wanavyojivunia ng'ombe. Mkewe, Nyamizi, alikuwa amechoka nayo tangu siku ya harusi. Akiitwa kuleta chumvi, alijibu, "Kasanda, mume wangu, niko hapa hapa mezani. Siko njiapanda."

Lakini huyo huyo Kasanda, akishapanda mtini kurina, alikuwa mtu mwingine. Kwenye mzinga hakuna anayesema. Nyuki wanachukia kelele, wanachukia hata pumzi ya mtu anayehema hovyo, na warina asali wa Kapalala walifundishwa tangu utotoni kwamba ukifika chini ya mzinga unaufunga mdomo mpaka utakapoondoka. Aliye juu aliongea kwa mikono. Kasanda aliponyoosha mkono wa kulia, Nyamizi aliyekuwa chini na kamba ya ndoo aliisogeza kulia. Aliponyoosha wa kushoto, aliisogeza kushoto. Kiganja kilipogeuka chini na kuipapasa hewa taratibu, kama unavyompapasa mtoto alale, maana yake ilikuwa polepole, simamisha. Na ndoo ilipotua salama, Nyamizi aliweka kiganja kifuani. Nimeipokea, asante. Walirina hivyo miaka yote ya ndoa yao bila ndoo hata moja kuanguka, na Nyamizi alipenda kusema kwamba mume aliyemwoa hasa ni yule wa mtini.

Hakuna aliyewahi kufikiria kuyachukua mambo ya mzingani kuyapeleka barabarani. Kwa nini wafikirie? Barabarani walikuwa na sauti zao, na zilitosha.

Kisha yakaja malori kuchukua magogo ya Kapalala. Tusiwasingizie madereva, wengi wao walikuwa watu wema, waliosimama kununua asali na kuuliza habari za watoto. Tatizo lilikuwa kelele. Lori la siku zile lilinguruma, likakohoa, likatetemesha milango yake yote kwa pamoja. Anayeliendesha hakusikia hata wimbo aliouimba mwenyewe.

Wa kwanza kuumia alikuwa Mihayo, kaka yake Nyamizi, kijana mpole na fundi wa kila kitu chenye mnyororo. Alifika njiapanda ya Kapalala, akajitaja jina vizuri kabisa, akasema anakwenda kulia. Nyuma yake lilikuwepo lori. Mihayo alisikia mngurumo tu. Akangoja jibu, halikuja. Akaita tena, halikuja. Akadhani huenda wageni wana namna yao ya kujibu, akapinda. Lori lilimchukua kwa ubavu.

Mihayo hakufa, na kwa hilo watu wa Uselembe walishukuru mpaka wakakosa maneno. Ila mguu wake wa kulia ulivunjika vibaya, na baiskeli hakuipanda tena. Dereva, mtu wa kusini aliyeitwa Haule, alimbeba kwa mikono yake mpaka hospitali, akalala kwenye benchi la nje, akarudi kumwona kila alipopita na mzigo. Kasanda alimkuta huko siku moja. Alikwenda akiwa na hasira zilizoiva, akakuta jitu zima limekaa kando ya kitanda, likimmenyea shemeji yake chungwa huku linalia.

"Alijitaja!" Kasanda akanguruma, na wagonjwa wa wodi nzima wakakaa. "Alisema anakwenda kulia! Wewe huna masikio?"

"Ninayo, kaka," Haule alisema. "Lakini nikishawasha lori, masikio yangu yote yanabaki ndani ya injini. Nina macho tu. Huyu mdogo wetu nilimwona, nikaona mgongo wake na magurudumu yake, lakini mgongo haukuniambia kitu."

Kasanda aliyasikia maneno hayo, lakini siku ile hayakumwingia. Mtu mwenye sauti kubwa huamini kwamba asiyesikia anahitaji sauti kubwa zaidi.

Ndivyo ilivyoamini Uselembe nzima. Mkuu wa msafara alikuwa Kalunde, mwanamke mnene mwenye heshima zake, ambaye wote walimwita Shangazi hata waliomzidi umri. Yeye aliamuru kelele ziongezwe. Watu wakafunga makopo kwenye magurudumu. Wakanunua kengele, wakafunga kengele juu ya kengele. Mmoja alikuja na pembe la ng'ombe. Mwingine alimfundisha mwanawe akae juu ya ndoo akipiga sufuria, mpaka mama wa sufuria alipokuja kuidai. Msafara ulipotoka ulisikika kama harusi inayokimbizwa, na malori yalipita ubavuni vilevile bila kusikia lolote. Katika kelele zote zile waendesha baiskeli wenyewe hawakusikiana tena. Ile "Haya, nenda" ikaanza kufa. Watu walijitaja, hawakujibiwa, wakafumba macho na kupinda huku roho ziko mkononi.

Kasanda ndiye aliyepigana zaidi. Aliwaitia wenzake wote, akaita kwa niaba ya wazee, akaita kwa niaba ya Mihayo ambaye hakuwepo. Alikunywa asali ya moto, akatafuna tangawizi, akaendelea. Mwisho wa msimu mmoja, akiwa katikati ya neno "kulia", sauti ilikatika kama kamba ya ndoo. Kilichobaki kilikuwa upepo. Walingoja irudi kwa juma, kwa mwezi. Haikurudi.

Nyamizi, ambaye maisha yake yote alitamani nyumba yenye utulivu, sasa aliupata na akauchukia. Alimwona mumewe akikaa mlangoni, akifungua mdomo na kuufunga. Alikuwa anajua kinachomla. Msimu wa asali ulikuwa umefika, na sheria ilijulikana: asiye na sauti asiendeshe na wenzake.

Shangazi Kalunde alikuja mwenyewe, maana hakuwa mtu wa kutuma watu kwa habari ngumu. Alikaa, akanywa maji, akamtazama Kasanda kwa huruma.

"Mwanangu, unajua kilichonileta."

Kasanda aliitikia kwa kichwa, kwamba anajua.

"Shangazi," Nyamizi alisema, "huyu ndiye aliyewaitia wote mpaka koo likapasuka. Leo tumwache nyumbani kama baiskeli mbovu?"

Kalunde aliyamaliza maji yake. Mwishowe akasema, "Basi safari hii moja aende. Lakini akae mwisho kabisa. Aliye mkiani hana mtu nyuma yake, hana wa kumwitia. Asipopona tutakaporudi, abaki na mizinga."

Hilo ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na watu wa Uselembe tu. Katika barabara ya kujuana, nyuma ya mtu wa mwisho hakukuwa na mtu kweli. Hawakuwa wamezoea kuhesabu malori kuwa watu.

Wakatoka asubuhi, makopo yakilia, pembe likilia. Nyamizi alikataa nafasi yake ya mbele, akakaa wa pili kutoka mwisho, mbele ya mumewe. Kasanda aliendesha akiangalia kitambaa cha kichwa cha mkewe na ndoo zake zilizofungwa vizuri. Alikuwa na aibu, tuseme kweli, na chini ya aibu alikuwa na hofu kwamba hii ndiyo safari yake ya mwisho. Kila mti wa njiani aliutazama kama anayeuaga.

Walipofika njiapanda ya Kapalala, pale pale alipoumia Mihayo, walianza kukata kulia mmoja mmoja. Kalunde alijitaja, akajibiwa, akapinda. Aliyemfuata akajitaja, akapinda. Mstari ulisogea hivyo, kelele juu ya kelele, mpaka zamu ikamfikia Nyamizi. "Nyamizi hapa, nakwenda kulia!" aliita. Na hakungoja jibu. Alijua aliye nyuma yake ni mumewe, na mumewe hana sauti ya kumjibu, na katika dunia hii hakuna mtu aliyemwamini kuliko yeye. Akaanza kupinda.

Hapo ndipo Kasanda alipolisikia lori. Halikuwa mbali. Lilikuwa limemaliza kilima, linateremka na magogo yake, na Nyamizi alikuwa anaingia katikati ya barabara bila kutazama nyuma.

Kasanda aliita. Alifungua mdomo kwa nguvu zake zote na ukatoka upepo. Akapiga kengele, kengele ikamezwa na makopo ya wenzake. Aliona kitambaa cha mkewe kikivuka mstari wa vumbi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Kasanda alijua maana ya kuwa mtu asiyesikika. Kisha, bila kufikiri, mwili wake ulifanya kile ulichokuwa ukifanya kila mara alipotaka kumlinda Nyamizi huku mdomo umefungwa. Aliachia usukani. Alinyoosha mkono wa kulia, wote, mpaka ncha za vidole, kama aliyeko mtini.

Baiskeli ikayumba. Ndoo zikaanza kucheza. Sheria yote ya Uselembe ilikuwa inamwambia rudisha mkono, na Kasanda hakuurudisha. Aliushikilia pale, hewani, mpaka alipohisi mngurumo umebadilika kidogo. Ndipo akageuza kiganja chini, akaipapasa hewa. Polepole. Polepole. Simamisha.

Ndani ya lori lile alikuwa Haule. Tangu ajali ya Mihayo alikuwa akiipita njiapanda ile kwa woga, akitazama migongo ya waendesha baiskeli na kuomba mgongo mmoja umwambie kitu. Siku ile aliona mkono. Hakujua lolote kuhusu mizinga wala kamba za ndoo, lakini mkono ulionyooka haukuhitaji mkalimani. Alijua mtu huyu anasema kulia. Akakiona kiganja kikibembeleza hewa, akajua anaambiwa asimame, akakanyaga breki kwa miguu yake yote miwili na jina la Mungu juu yake.

Lori likaserereka, likalalamika, likasimama. Mbele yake Kasanda alikuwa ameshaanguka. Ndoo zilipasuka, zote, na asali ya msimu mzima ikatandaa barabarani, nzito, ya rangi ya chai, ikikaribia tairi la mbele. Ng'ambo ya barabara Nyamizi alikuwa amesimama na baiskeli yake, mzima, bila hata mkwaruzo. Aligeuka, akaona lori, akaona asali, akaona mumewe amekaa chini katikati yake, na mkono wake bado uko hewani.

Haule aliruka kutoka kwenye lori akitaka kupiga yowe. Wenzao wa msafara walikuwa wanakimbia kurudi, kila mmoja na kelele zake. Lakini nyuki walishafika. Kapalala iko pale pale pembeni, na nyuki hawahitaji mwaliko. Wakaja wachache, kisha wengi, wakatua juu ya asali, juu ya ndoo, juu ya magoti ya Kasanda. Naye, kutoka pale chini, akaweka kidole mdomoni.

Uselembe nzima ikanyamaza. Walikuwa wana wa warina asali. Hilo hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Makopo yalishikwa yasilie. Pembe la ng'ombe liliwekwa chini. Injini ya lori ilizimwa. Kwa mara ya kwanza tangu malori yaje, palikuwa na ukimya barabarani, nyuki tu wakiimba. Na katika ukimya ule Haule alimtambua aliyeanguka. Alikuwa na mengi ya kusema na hakuruhusiwa hata neno moja.

Nyamizi alivuka taratibu, akapita kando ya asali, akasimama mbele ya dereva. Akamtazama mtu aliyemvunja kaka yake mguu, ambaye sasa alikuwa ameyaokoa maisha yake. Akaweka kiganja kifuani, kama alivyokuwa akiweka ndoo inapotua salama. Haule hakujua ishara hiyo imetoka wapi. Lakini aliielewa, akaweka na yeye mkono wake mkubwa kifuani, machozi yakimtiririka. Waliobaki wakafanya vilevile, mmoja baada ya mwingine, na Shangazi Kalunde wa mwisho, akiwa amekiinamisha kichwa chake.

Walimwinua Kasanda polepole, wakamtoa katikati ya nyuki. Lori lilirudi nyuma, likazunguka kwa upande wa majani, likaenda zake likitambaa. Lilipofika mbali, mahali ambapo nyuki hawangeudhika, likapiga honi. Mara mbili, kwa ufupi. Pip, pip.

"Anataka nini tena?" Kalunde alinong'ona.

Kasanda alifungua mdomo. Safari hii ule upepo ulikuwa na maneno ndani yake, madogo sana, na ilibidi wainame kumsikia.

"Amenijibu," alisema. "Amesema: haya, nenda."

Akaketi kando ya barabara, akiwa amepakaa asali kama mtoto aliyeachwa jikoni, akalia. Nyamizi akakaa naye. Hakuna aliyeihesabu asali iliyomwagika. Kila baiskeli ilimpunguzia Kasanda kidogo, na aliingia mjini na ndoo za kuazima zilizojaa.

Sauti yake haikurudi, lakini nyumbani hakuachwa. Kalunde aliifuta sheria ya sauti mbele ya watu wote, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akamwambia, "Mkiani ndiko kichwani, mwanangu. Nilikuwa sijui." Mihayo, kwenye kibanda chake cha ufundi, alikataa kumtengenezea mtu baiskeli mpaka ajue kuachia mkono mmoja na kuurudisha bila kuyumba. Haule naye, kila aliposimama kunywa chai, aliwasimulia madereva wenzake habari za mkono ule, na wao wakazipeleka mbali kuliko asali yetu ilivyowahi kufika.

Na tangu siku hiyo mwendesha baiskeli akitaka kwenda kulia hunyoosha mkono wa kulia, akienda kushoto hunyoosha wa kushoto, na akitaka kusimama hugeuza kiganja na kuibembeleza hewa. Akishapishwa huweka mkono kifuani. Na pale njiapanda ya Kapalala, ambapo nyuki bado hupita wakinusa lami, dereva wa gari lolote akiuona mkono ule hupunguza mwendo na kupiga honi mara mbili, kwa ufupi. Wageni hudhani anawaharakisha. Wenyeji wanajua kwamba huyo aliye mbele amejitaja jina, na kwamba hata leo, bila kujibiwa, hapindi mtu.